Kutoka siku tatu na kurudi hakukupi siku 90 mpya za Schengen

*Swali: Mdogo wangu anaishi Hamburg na anatarajia kujifungua mtoto wa kwanza karibu na tarehe 20 Mei. Ubalozi wa Ujerumani umenipa viza ya Schengen ya mwaka mmoja, ya kuingia mara nyingi, na imeandikwa siku 90. Nimepanga kufika 1 Aprili ili nimsaidie kabla hajajifungua, nibaki naye hadi Septemba. Watu wananiambia siku 90 zikikaribia kwisha nitoke kidogo, niende London siku mbili tatu nigongewe muhuri, nikirudi nitahesabiwa siku 90 nyingine. Mwingine anasema hata Uswisi inatosha kwa kuwa haimo kwenye Umoja wa Ulaya. Je, ni kweli? Na pale uwanja wa ndege niseme nini? Nasikia maafisa wao ni wakali, na kuna mtu ninayemfahamu alirudishwa kwa sababu ya majibu yake. Sijawahi kufika Ulaya, mila zao sizijui, na sitaki kumwaibisha mdogo wangu wala mume wake.*

Dada yangu, hongera kwa mgeni mnayemtarajia. Jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Ukitoka siku mbili tatu ukarudi eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao na kutumia viza moja, hesabu haianzi upya, uende London au uende Zürich kule Uswisi. Wengi wanaotoa ushauri huo hawana nia mbaya, lakini ukiufuata utajikuta Julai uko Hamburg kinyume cha sheria, na hutajua mpaka siku ya kuondoka utakapowekwa kando na afisa wa mpakani. Siku ulizonazo zinatosha kumsaidia mzazi. Tarehe ulizopanga ndizo zinazozipoteza.

Tazama stika iliyobandikwa kwenye pasipoti yako. Ina mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni tarehe ya kuanza na ya kuisha, yaani kipindi ambacho viza inaweza kutumika. La pili ni idadi ya kuingia, ambayo kwako imeandikwa MULT, maana yake unaweza kuingia na kutoka mara nyingi. La tatu ni muda wa kukaa, siku 90. Viza ya mwaka mmoja haimaanishi ruhusa ya kukaa mwaka. Inamaanisha kwamba ndani ya mwaka huo unaweza kuzigawa siku zako utakavyo, bila kuvuka kiwango. Tarehe ya kuisha ikifika kabla hujamaliza siku zako, unaondoka tarehe hiyo hiyo.

Sasa kiwango chenyewe. Sheria inaruhusu siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na kipindi hicho hakina tarehe maalumu ya kuanzia. Hakianzi Januari, wala hakianzi siku uliyotua. Kila siku unapokuwa ndani ya Schengen, afisa anaweza kuhesabu kurudi nyuma siku 180, leo ikiwamo, kisha akajumlisha siku zote ulizokuwa ndani. Jumla ikizidi 90, umezidisha muda. Kesho yake kipindi hicho kinasogea siku moja mbele: siku moja mpya inaingia kwenye hesabu na siku moja ya zamani kabisa inatoka. Kwa hiyo siku uliyokwisha kuitumia hutoka kwenye hesabu kwa kupitwa na wakati tu. Muhuri hauiondoi. Kumbuka pia kwamba siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa kuwa siku kamili, hata kama ulitua saa tano na dakika hamsini usiku.

Tuupige hesabu mpango wako. Ukiingia 1 Aprili, siku ya 90 ni 29 Juni. Mtoto akizaliwa 20 Mei kama ilivyokadiriwa, karibu siku 50 zitakuwa zimeshatumika kumsubiri, na utabaki na siku 40 hivi za kumsaidia mzazi. Chukulia basi umefuata ushauri wa London: umetoka 25 Juni, ambayo ni siku ya 86, ukarudi 28 Juni. Tarehe 25 imehesabiwa na tarehe 28 imehesabiwa. Ulichookoa ni 26 na 27 peke yake. Siku yako ya 90 inasogea kutoka 29 Juni hadi 1 Julai. Umelipa tiketi, hoteli na viza ya Uingereza ili upate siku mbili! Ili upate siku 90 nyingine mfululizo ungepaswa kukaa nje kuanzia 30 Juni hadi 27 Septemba na kuingia 28 Septemba, wakati zile siku za Aprili zinapoanza kutoka kwenye hesabu moja moja.

London yenyewe ina lango lake. Viza ya Schengen haikuingizi Uingereza. Inabidi uombe viza ya Uingereza peke yake, ulipe ada yake na usubiri. Na laiti yako ingekuwa viza ya kuingia mara moja, safari hiyo ya London ingekuwa ndiyo mwisho wake, hata kama ulikuwa na siku 60 mkononi.

Habari ya Uswisi ni kosa la kuchanganya Umoja wa Ulaya na eneo la Schengen. Uswisi, Norway, Iceland na Liechtenstein hazimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini zimo Schengen, kwa hiyo siku ya Zürich inahesabiwa pamoja na siku ya Hamburg. Ireland na Cyprus ni kinyume chake: zimo kwenye Umoja, hazimo Schengen. Jihadhari pia na ushauri wa zamani unaowapeleka watu Croatia, Romania au Bulgaria "kupumzisha siku". Croatia iliingia Schengen 1 Januari 2023. Romania na Bulgaria ziliondolewa ukaguzi wa angani na baharini 31 Machi 2024, na wa nchi kavu 1 Januari 2025. Leo nchi za Schengen ni 29, na zote zinahesabu kwenye kapu moja.

Uvumi huu haukutoka hewani. Ziko nchi, Thailand ikiwa mfano unaotajwa sana, ambako kwa miaka mingi msafiri aliyetoka na kuingia tena alipewa muda mpya, na wageni wakaizoea safari fupi ya mpakani. Hata huko afisa ana mamlaka ya kumkatalia anayerudia mchezo huo mara kwa mara. Schengen iliandika sheria yake makusudi ili njia hiyo isiwepo. Na ukisikia kwamba pasipoti mpya au viza mpya inafuta siku za zamani, usiamini pia. Siku zinahesabiwa kwa mtu, si kwa kitabu. Kinachokaa nje ya hesabu ni siku za mtu aliyekuwa na kibali cha ukaazi au viza ya muda mrefu ya taifa, ambayo ni aina nyingine kabisa.

Zamani mtu aliweza kutegemea kwamba muhuri umefifia au afisa ana foleni ndefu. Mlango huo umefungwa. Tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya ilianza kutumia mfumo wa kielektroniki wa kurekodi kuingia na kutoka, ukapangwa kuenea kwenye mipaka yote ya nje kwa awamu hadi 10 Aprili 2026 na kuchukua nafasi ya mihuri. Utapigwa picha ya uso. Alama za vidole ulizitoa ulipoomba viza, nazo zinatumika kuhakiki kwamba ni wewe. Kompyuta inahesabu siku zako yenyewe, na rekodi inakaa miaka mitatu, au mitano kwa mtu ambaye kutoka kwake hakukuonekana. Mfumo huu hauna ada, kwa hiyo anayekudai malipo ya "kusajiliwa" ni tapeli. Hata hivyo, tunza pasi zako za kupandia ndege. Rekodi ikikosewa, karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako.

Adhabu ya kuzidisha muda hutofautiana kutoka nchi hadi nchi: faini, amri ya kuondoka, katazo la kuingia ambalo kwa kawaida halizidi miaka mitano lakini linatumika katika Schengen nzima. Nchini Ujerumani kukaa bila kibali kunaweza kufunguliwa kesi ya jinai. Kuna hasara nyingine ambayo watu hawaioni mapema. Kanuni za viza zinasema aliyeitumia vizuri viza ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi ndani ya miaka miwili iliyopita anastahili kufikiriwa kupewa ya miaka miwili, kisha ya miaka mitano, iwapo masharti mengine ameyatimiza. Wewe umeshakanyaga ngazi ya kwanza. Mtoto huyu atakuwa na siku nyingi za kuzaliwa, na siku chache za ziada mwaka huu zinaweza kukunyima zote hizo.

Basi ufanye nini? Mimi ningechagua kusogeza tarehe. Ukiingia 13 Mei, wiki moja kabla ya tarehe ya makadirio, siku 90 zinakufikisha 10 Agosti. Hapo mzazi anakuwa nawe tangu uchungu hadi mtoto ana karibu miezi mitatu, wakati unaochosha kuliko wote. Usizitumie zote 90. Kata tiketi ya kurudi siku ya 85 au kabla, kwa sababu ndege huahirishwa, na kinachohesabiwa ni tarehe uliyopita kwenye ukaguzi wa pasipoti wa kutokea, si tarehe iliyo kwenye tiketi. Hili lina mtego kwa wanaounganisha ndege: ukiruka kutoka Hamburg kupitia Frankfurt, ukaguzi wa kutoka Schengen unafanyika Frankfurt. Ndege ya kwanza ikichelewa ukafika kwenye dirisha la afisa baada ya saa sita usiku, siku imegeuka.

Njia ya pili ni kuzigawa. Ukikaa 10 Mei hadi 23 Juni umetumia siku 45, na 45 zilizobaki unaweza kuzitumia 1 Septemba hadi 15 Oktoba, mdogo wako anapojipanga upya na mume amerudi kazini. Utalipa nauli mara mbili, na viza yako iwe bado hai, lakini inawafaa wenye kazi au familia wasioweza kuondoka miezi mitatu mfululizo. Katikati anaweza kuja mtu mwingine wa familia kwa viza yake mwenyewe, kwa sababu kila msafiri ana hesabu yake. Kupokezana hivyo huleta miezi mitano au sita ya msaada bila mtu yeyote kuvunja sheria, na nashangaa kwamba ni familia chache zinazoifikiria njia hiyo kabla ya kufikiria ujanja wa mpakani. Vyovyote utakavyochagua, ingiza tarehe zako kwenye kikokotoo cha siku kilichopo kwenye tovuti ya Kamisheni ya Ulaya kabla ya kulipia tiketi.

Kuongeza muda ukiwa huko kunawezekana, ila si kwa sababu ya kulea mtoto. Sheria inaruhusu kwa nguvu zilizo nje ya uwezo wako, kwa sababu za kibinadamu, au kwa sababu nzito za binafsi. Mzazi akipata matatizo makubwa na akalazwa, au wewe mwenyewe ukaugua usiweze kuruka, hapo kuna hoja, ikiambatana na barua ya daktari. Ombi hupelekwa ofisi ya wageni ya jiji, wanayoiita Ausländerbehörde, kabla siku zako hazijaisha. Ofisi hizo zina foleni ndefu za miadi, kwa hiyo andika mapema na utunze uthibitisho kwamba uliandika. Kwa sababu za kibinadamu au zilizo nje ya uwezo hakuna ada. Kwa sababu za binafsi ni euro 30. Ama kubadilisha viza ya matembezi iwe ya ukaazi ukiwa ndani, kwa kawaida haikubaliwi. Na kwa ndugu mtu mzima sheria ya Ujerumani hufungua mlango wa kuunganisha familia pale tu penye shida isiyo ya kawaida. Mtu akikuahidi "nitakufanyia mpango", linda fedha zako.

Sasa tuje pale dirishani. Kwanza jua ni dirisha gani. Utahojiwa mahali unapoingia Schengen kwa mara ya kwanza. Ukipitia Amsterdam, ni afisa wa Uholanzi, si Mjerumani. Viza haikuhakikishii kuingia. Afisa ana haki ya kuthibitisha upya kusudi la safari, mahali pa kulala, fedha za kujikimu, bima na nia ya kurudi. Kwa hiyo beba kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku lililopakiwa: tiketi ya kurudi, anwani na simu ya mdogo wako, barua ya mwaliko au nakala ya hati ya dhamana iitwayo Verpflichtungserklärung kama walikuandalia, bima inayofika angalau euro 30,000 na inayofunika siku zote za safari, na barua ya likizo au uthibitisho wa shughuli inayokurudisha nyumbani. Ukizigawa siku mara mbili, hakikisha bima inafunika safari zote mbili. Hilo husahaulika sana.

Ukali unaousikia mara nyingi si ukali. Afisa wa huko hatabasamu, hatauliza habari za safari wala za nyumbani, na atarudia swali lile lile kwa maneno mengine. Ndivyo kazi inavyofanywa. Msalimie kwa neno moja, mtazame usoni bila kumkazia macho, mpe pasipoti ikiwa wazi bila kava, kisha ungoje swali. Kwetu kumtazama mkubwa moja kwa moja kunaweza kuonekana utovu wa adabu. Kwake macho yaliyoinama yanaweza kuonekana dalili ya kuficha kitu.

Jibu ulichoulizwa, kwa tarehe na majina. "Utakaa muda gani?" Jibu ni "Siku 85, naondoka tarehe 5 Agosti, tiketi hii hapa." Si "Mungu akipenda, mpaka mtoto apate nguvu," ingawa kwako ndilo jibu la kiungwana zaidi. Afisa anayesikia jibu lisilo na tarehe anaweza kuona kwamba msafiri hana mpango wa kuondoka. Na hapa ndipo watu wengi hukwama: wakiwa hawajaelewa swali, kwa heshima wanasema "ndiyo". Ukisema ndiyo kwa swali la "Unakuja kufanya kazi?", umejifungia mlango. Omba arudie polepole, au omba mkalimani. Si aibu hata kidogo.

Neno "kumsaidia" nalo litumie kwa uangalifu. Ukisema tu "nimekuja kulea mtoto", afisa anaweza kusikia kazi ya yaya, na viza yako hairuhusu kazi. Sema ukweli wote: "Namtembelea mdogo wangu aliye karibu kujifungua. Silipwi." Huo ndio uwe ukweli hata baada ya kuingia. Ukianza kuangalia watoto wa jirani kwa euro chache, umefanya kazi bila kibali. Usijifanye mtalii pia, kwa sababu fomu yako ya viza inasema ziara ya familia na afisa anaweza kuiona. Kuhusu undugu, eleza kwa wazazi: "Mama yetu ni mmoja, baba tofauti," au "Ni mtoto wa mama yangu mkubwa," kama ndivyo ilivyo. Majina ya ukoo yasipofanana na ukasema tu ni mdogo wako wa damu, afisa anaweza kudhani unadanganya. Na usimpe mtu yeyote wa serikali zawadi wala "ya chai", hata kwa nia njema, maana linaweza kugeuka kosa la jinai.

Kwenye mizigo najua utataka kumpelekea mzazi vya nyumbani. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida haviruhusiwi kwa abiria, na samli na jibini vimo humo. Matunda na mboga karibu zote zinahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Vikikamatwa vinateketezwa, na faini inaweza kufuata. Fedha taslimu zikifika euro 10,000 lazima zitangazwe forodhani.

Nyumbani Hamburg ndiko tofauti za mila zitakapojitokeza kweli, na nyingi zitakuwa juu ya mtoto. Ujerumani mzazi hutembelewa nyumbani na mkunga, Hebamme, na bima ya afya inagharimia huduma hiyo hadi wiki 12 baada ya kujifungua. Atampima mtoto uzito, ataangalia kitovu na kidonda, atafundisha kunyonyesha. Atasema mtoto alale chali, bila mto wala blanketi, ndani ya mfuko wa kulalia, kwenye chumba cha baridi kidogo, karibu nyuzi 18. Atasema asipewe maji katika miezi hii ya kwanza, na asali asipewe kabla ya mwaka mmoja kwa sababu ya bakteria wanaosababisha ugonjwa wa botulizimu. Baadhi ya hayo yanaweza kupingana na ulivyolelewa, au ulivyolea. Usibishane naye mbele ya mzazi. Muulize sababu, naye ataeleza. Mdogo wako akiwa katikati ya mashauri mawili yanayogongana, anayeumia ni yeye.

Halafu kuna mume. Baba wengi wa huko huchukua likizo ya uzazi, hubadilisha nepi, hupika, na hutaka siku za mwanzo ziwe za watu watatu. Asipokuachia mtoto asubuhi nzima, hajakudharau. Kabla hujakata tiketi, piga simu wote wawili wakiwa pamoja uwaulize wazi: mnanihitaji lini, siku ngapi, nilale wapi, kazi gani niishike? Huko swali la moja kwa moja ni heshima, na kimya chako ndicho kitakachowatia wasiwasi. Inawezekana wakakuambia njoo wiki ya tatu. Likubali, kwani hata kwa hesabu ya siku linakufaa. Muombe pia mdogo wako asome mkataba wa nyumba, kwa sababu mgeni wa zaidi ya wiki sita hadi nane anaweza kuhitaji kutajwa kwa mwenye nyumba.

Mengine utayazoea haraka. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kimya, na Jumapili pia: hakuna kutwanga, kutoboa ukuta wala muziki wa kusikika kwa jirani, ingawa kilio cha mtoto hakihesabiwi kuwa kosa. Maduka karibu yote hufungwa Jumapili, kwa hiyo nepi zinunuliwe Jumamosi. Kwenye treni hakuna lango la kukuzuia, lakini wakaguzi waliovaa kiraia hupita, na kukosa tiketi ni euro 60. Mtu hatembelewi bila kuarifiwa, na saa nane mchana maana yake ni saa nane.

Kuna hali ambazo jibu la maandishi halitoshi. Ukigundua umeshazidisha hata siku moja, ukizuiwa mpakani, au mdogo wako akiugua na ukahitaji kuongeza muda, zungumza na wakili wa sheria ya wageni au na kituo cha ushauri wa wahamiaji. Mashirika ya Caritas, Diakonie na AWO yana vituo vya namna hiyo Ujerumani, na ushauri wao ni bure. Ukizuiwa uwanjani, usisaini karatasi usiyoielewa. Omba mkalimani na maelezo ya maandishi ya sababu, kwa kuwa uamuzi wa kukukatalia kuingia unaweza kukatiwa rufaa. Stika yako ikiwa na tarehe, jina au idadi ya siku tofauti na ulivyoomba, rudi ubalozini sasa, kabla ya safari, maana mpakani hakuna atakayeirekebisha.